Nianzie wapi kujifunza DevOps, na Mzee wa seva nimwambie nini?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 26, ninaishi Ntinda hapa Kampala, na kwa miaka mitatu sasa nimeajiriwa katika kampuni ndogo ya watu tisa inayotengeneza na kuendesha programu za vyama vya akiba na mikopo. Tunahudumia sako kumi na moja, nyingi zikiwa za wilayani, na programu zao zote hukaa kwenye seva mbili za kukodi. Kazi yangu ni kuandika msimbo. Anayeupandisha kwenye seva ni mwenzetu mmoja mtu mzima ambaye sote humwita Mzee, na ndiye aliyezisimika seva hizo tangu kampuni ilipoanzishwa.

Kila Ijumaa jioni Mzee huchukua mafaili tuliyomkabidhi, akayanakili kwenye seva ya kwanza kisha ya pili, akarekebisha mipangilio kwa mkono, akaiwasha upya huduma, halafu akatupigia simu tujaribu kama kila kitu kinafanya kazi. Hatua hizo hazijaandikwa popote isipokuwa katika daftari lake dogo, na hata humo ameandika kwa vifupisho anavyovielewa mwenyewe. Miezi miwili iliyopita alikwenda mazishini Masindi, nami nikaambiwa nipandishe toleo jipya peke yangu. Katika haraka yangu nilinakili pia faili la mipangilio ya majaribio, programu ikaelekea kwenye hifadhidata ya majaribio, na wanachama wa sako moja ya Mbarara walipofungua simu zao usiku ule wakaona akiba yao ni sifuri. Simu ya Mzee haikupatikana hadi Jumamosi mchana. Haikupotea hata shilingi moja, lakini asubuhi ile watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni mlangoni mwa ofisi ya sako, na kina mama wawili, nilivyosimuliwa, walikuwa wakilia.

Tangu hapo nimeazimia kujifunza DevOps ili upandishaji wetu ujiendeshe wenyewe. Nimelipia kozi ya mtandaoni, lakini wiki ya kwanza tu walianza na Kubernetes. Kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ikaganda, na bando la mwezi likaisha kwa kupakua mafaili ya mazoezi. Nimeorodheshewa Docker, Jenkins, Ansible na Terraform, wala sijui kipi kitangulie kipi. Isitoshe, ninajiuliza kama mambo haya yanawezekana kwetu, ambako umeme unaweza kukatika katikati ya kazi.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mkurugenzi alipopata habari za masomo yangu, alisimama kikaoni mbele ya wote akasema kwamba karibuni mashine itafanya kazi ya Mzee. Tangu siku hiyo Mzee huitikia salamu yangu kwa shida, naye ndiye aliyenifundisha kutumia mfumo endeshi wa Linux nilipokuwa sijui hata kuorodhesha mafaili. Nifanyeje?

Mwenye Deni la Ijumaa,
Ntinda, Kampala

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na Mzee, ingawa wewe umemweka mwisho, kwa sababu usipolitatua hilo, masomo mengine yote utakayojifunza hayatakuwa na mahali pa kutua.

Neno DevOps lilianza kuenea mwaka 2009, pale Mbelgiji Patrick Debois alipowaita wenzake katika mji wa Ghent kwa mkutano wa kuzungumzia ugomvi ambao kila mwenye kazi hii aliujua. Waandishi wa programu husifiwa kwa kuleta mabadiliko, na watunza seva husifiwa kwa kuhakikisha hakuna kinachotikisika. Basi kila upande ukawa unaifanya kazi yake vizuri kwa kumzuia mwenzake. Maneno mawili ya Kiingereza yaliyokatwa na kuunganishwa kutengeneza jina hilo ni majina ya pande hizo mbili: maendelezo (development) na uendeshaji (operations). Kwa hiyo kiini cha unachotaka kujifunza ni mwandishi na mtunza seva kukaa meza moja. Zana zilifuata baadaye. Mkurugenzi wenu, bila shaka kwa nia njema, amewatenganisha watu ambao DevOps ilikuja kuwaunganisha, na nadhani Mzee ameumizwa zaidi na kusemwa mbele ya vijana kuliko na mashine yenyewe.

Nenda kwake, na usiende na kompyuta. Mwombe radhi kwa maneno yaliyosemwa kikaoni ingawa hukuyasema wewe, kisha mwombe jambo moja: Ijumaa ijayo ukae kando yake na daftari, yeye afanye kazi kama kawaida, wewe uandike kila anachokifanya. Usiguse kibodi. Kila hatua muulize inafanywa kwa nini, na uandike jibu lake mbele ya hatua hiyo. Utakuta hatua ambazo kwa macho yako ni kupoteza muda tu. Huenda husubiri dakika kumi kabla ya kuwasha upya huduma, kumbe siku moja miaka iliyopita aliiwasha wakati malipo ya pesa za simu yalikuwa bado njiani, akalazimika kusuluhisha hesabu usiku kucha. Maarifa ya namna hiyo hayamo katika kozi yoyote, na bomba la kupandishia programu, yaani mfululizo wa hatua zinazojiendesha zenyewe, litakalojengwa bila hayo litarudia kwa kasi makosa ambayo Mzee alikwisha kuyaacha.

Mweleze pia ukweli wote. Kunakili mafaili na kuandika amri zilezile kila wiki kutamtoka mikononi. Kuamua kama toleo liende leo au lingoje, kufuatilia afya ya seva, kutunza chelezo (nakala za data za kurejeshea zikipotea), kujua la kufanya mambo yanapoharibika, hayo hayamtoki, tena yatahitaji muda ambao sasa unaliwa na kunakili. Na ataweza kwenda kumzika ndugu yake bila sako kumi na moja kumtafuta kwenye simu. Usimwahidi kwamba hakuna kitakachobadilika, kwa sababu kitabadilika, na mtu wa umri wake atautambua uongo kabla hujamaliza sentensi.

Sasa tuje kwenye masomo. Orodha uliyopewa isikutishe, maana zana zile ni majibu ya maswali ambayo wewe bado hujaulizwa. Kubernetes ilitangazwa na Google mwaka 2014 kwa ajili ya watu wenye makontena mengi (vifurushi vya programu pamoja na vyote inavyovihitaji) yaliyotawanyika kwenye mashine nyingi, yanayohitaji kupangwa na kufufuliwa yenyewe yanapokufa. Ninyi mna seva mbili. Iweke kando bila aibu yoyote. Terraform nayo, inayoagiza seva kwa faili la maandishi, itakufaa siku mtakapokuwa mnakodi na kubomoa seva mara kwa mara. Kozi uliyoilipia haitapotea, utairudia mwakani ukiwa na maswali yako mwenyewe.

Daftari utakaloliandika Ijumaa ndilo mtaala wako wa kwanza. Ligeuze liwe skripti: faili moja la amri za Linux linalofanya hatua zote kwa mpangilio uleule, kwenye seva zote mbili, na kusimama papo hapo hatua moja ikishindikana. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha na kubaki kwa kazi hii. Usidharau udogo wake. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa iitwayo Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 katika muda wa dakika 45 hivi, na chanzo kilikuwa kwamba fundi aliyenakili msimbo mpya aliufikisha kwenye seva saba akaisahau ya nane. Hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua, na seva ile moja ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala humo kwa miaka. Mtu aliyesahau hakuwa mzembe kuliko wewe wala Mzee. Alikuwa binadamu anayerudia jambo lilelile mara nane. Skripti yenye orodha ya seva haisahau ya nane.

Skripti hiyo na msimbo wenu wote viishi ndani ya Git, zana ya kutunza historia ya kila badiliko la msimbo, ambayo Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Pengine mnaitumia tayari. Ila kuanzia sasa jiwekeeni sharti kwamba hakuna kinachopanda kwenye seva kama hakikutoka kwenye ghala la Git, hata kama ni herufi moja iliyorekebishwa usiku wa manane. Bila sharti hilo huwezi kujibu swali rahisi kuliko yote, yaani ni toleo gani linalofanya kazi Mbarara hivi sasa.

Kosa lako la ile Ijumaa linatibika hapa hapa, nami ningelitibu kabla ya lolote jingine. Faili la mipangilio halipaswi kusafiri pamoja na msimbo. Kila seva iwe na faili lake, likae nje ya folda ya programu, liwe na anwani ya hifadhidata na nywila zake, na skripti isiliguse kabisa. Nywila zisiingie kwenye Git, kwa sababu kilichoingia humo hubaki kwenye historia hata ukikifuta. Wakati mnafanya hivyo, chungulieni pia ndani ya hifadhidata ya majaribio: kama kuna majina na namba za simu za wanachama halisi, ziondoeni, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ya nchi yetu haina msamaha kwa data iliyoachwa ovyo kwa sababu tu ilikuwa ya mazoezi.

Baada ya hapo ndipo unapojenga bomba lenyewe. GitHub Actions na GitLab, huduma za mtandaoni zinazofanya kazi na maghala ya Git, zote mbili hukuruhusu kuandika faili moja la maelekezo linalosema: kila msimbo mpya unapoingia, chukua mashine safi, sakinisha vinavyohitajika, fanya majaribio, na yakifaulu endesha skripti ya kupandisha. Jenkins hufanya kazi hiyohiyo, lakini itakulazimu uwe na mashine yako ya kuihifadhi na kuilinda, jambo ambalo kwa watu tisa ni mzigo. GitHub Actions hutoa dakika 2,000 kwa mwezi bila malipo kwa maghala ya faragha ya akaunti za kawaida, na kwa kampuni ya ukubwa wenu hizo zinaweza kuwatosha.

Na hapa kuna jambo ambalo wakufunzi wa mbali hawalisemi kwa sababu wao hawanunui bando. Bomba linalokaa kwenye mashine za watu wengine ni nafuu kwetu kuliko kazi ya mkono. Unapotuma mabadiliko kwa Git, kinachotoka kwenye simu au modemu yako ni tofauti tu kati ya msimbo wa jana na wa leo, mara nyingi kilobaiti chache. Zile mamia ya megabaiti za maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yenu huutegemea) zinapakuliwa kule kule zilipo mashine, kwa intaneti ambayo hulipii. Umeme nao ni vivyo hivyo. Ukikatika Ntinda sekunde moja baada ya kutuma, kazi inaendelea, kwa kuwa haifanyiki Ntinda. Mzee anaponakili kwa mkono, kukatika kwa umeme katikati kunaacha seva ikiwa na nusu ya toleo jipya na nusu ya lile la zamani, hali ambayo ni mbaya kuliko toleo lolote kati ya hayo mawili.

Hata hivyo mtandao unaweza kukatika kati ya mashine ile na seva yenu, kwa hiyo jifunze mbinu hii mapema. Usinakili juu ya programu inayofanya kazi. Kila toleo liwekwe kwenye folda mpya yenye tarehe na saa kwa jina, na programu isomwe kupitia kiungo kimoja cha Linux kinachoelekeza kwenye folda inayotumika. Mafaili yote yakishafika na kukaguliwa, skripti inakigeuza kiungo kielekee folda mpya, tendo ambalo likifanywa ipasavyo hukamilika lote au halifanyiki kabisa. Mtandao ukikatika kabla ya hapo, wanachama hawajui lolote. Toleo likionekana bovu, unakirudisha kiungo kwenye folda ya jana na umemaliza. Ungekuwa na kiungo kama hicho ile Ijumaa, pamoja na mipangilio iliyotengwa, foleni ya Mbarara isingekuwepo.

Tahadhari moja tu, nayo ni kubwa: msimbo hurudi nyuma kwa kugeuza kiungo, lakini hifadhidata hairudi. Ukifuta safu ya jedwali leo, kesho toleo la zamani litakuja kuitafuta na halitaikuta. Kwa akiba za watu, fanya mabadiliko ya hifadhidata kwa awamu: ongeza safu mpya, acha matoleo yote mawili yaishi nayo kwa wiki kadhaa, ndipo uondoe ya zamani. Na chelezo lazima zijaribiwe kwa kuzirejesha. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab wenyewe, watu wanaoishi kwa kazi hii, walifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yao kuu, wakagundua kwamba njia kadhaa za chelezo walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi, na wakaokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua yapata saa sita kabla. Walilisimulia tukio hilo hadharani bila kuficha, nami nawaheshimu kwa hilo. Mpe Mzee jukumu la kurejesha chelezo kwenye seva tupu mara moja kila mwezi. Katika kampuni yenu hakuna mwingine ambaye ningemwamini nalo.

Majaribio yenyewe yaanze machache. Usijaribu kuufunika msimbo wote kwa mwezi mmoja, utachoka na kuacha. Chagua mambo matatu ambayo yakiharibika watu watapanga foleni: kuweka akiba, kutoa akiba, na kuhesabu riba. Yaandikie majaribio hayo, na bomba likatae kupandisha lolote lisilopita hapo. Kisha ongeza la nne, linalofanyika baada ya kupandisha: bomba lenyewe liingie kwenye programu kama mwanachama wa mfano na kuhakikisha salio lake si sifuri.

Nimelitumia neno bomba kwa makusudi. Mafuta ghafi ya Hoima yana nta nyingi, na bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga limebuniwa liwe na joto njia nzima, maana mafuta hayo yakipoa huganda. Msimbo nao ukikaa bila kupandishwa huganda: mabadiliko ya wiki nzima ya watu wanne yakienda pamoja Ijumaa jioni na kitu kikaharibika, nani atajua ni badiliko lipi? Bomba likishasimama, pandisheni kidogo kidogo, mara kadhaa kwa wiki, asubuhi, wakati watu wako kazini na ofisi za sako zimefungua simu. Ijumaa jioni iachwe kabisa.

Docker, zana ya kutengeneza na kuendesha makontena, utajifunza baada ya miezi mitatu au minne, utakapochoshwa na tatizo la programu kukubali kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye seva. Isakinishe moja kwa moja kwenye Linux, si kwenye Windows, maana kule hulazimika kuendesha mashine nyingine ndani ya mashine yako na gigabaiti zako 4 hazitafua dafu. Ansible itafuata, siku mtakapotaka kusimika seva ya tatu inayofanana na hizi mbili bila kumtegemea mtu kukumbuka.

Kwa mkurugenzi, usibishane naye kikaoni. Andika kurasa mbili zikieleza mpango huu, jina la Mzee litangulie lako kwa kuwa hatua zote zimetoka kwake, na mkampelekee pamoja. Zote mbili, GitHub na GitLab, zina sehemu ya idhini, ambapo bomba husimama kabla ya kugusa seva ya wateja na kungoja mtu aliyetajwa abofye kitufe. Katika baadhi ya vifurushi vya bure kwa maghala ya faragha sehemu hiyo ina mipaka, kwa hiyo kagueni kwanza, na ikikosekana, wekeni hatua ya mwisho iwe ya kuanzishwa kwa mkono. Mtu huyo awe Mzee.

Mara ya kwanza ifanyeni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa badiliko dogo lisilo na hatari, kwa mfano neno moja lililoandikwa vibaya kwenye ukurasa wa kuingilia, na kwa sako iliyo karibu nanyi kuliko zote. Kaeni viti viwili mbele ya kioo kimoja. Daftari lake la zamani liwe mezani, ili bomba likimaliza kila hatua aweze kuikagua kwa kalamu, na mkikuta hatua iliyo kwenye daftari lakini haimo kwenye bomba, lisimamisheni mkaiongeze kabla hajabofya.